Jinsi ya kukereza chombo cha mbao cha majivu ya marehemu

Mafundi, kazi hii wateja wake wapo, hasa familia za Wahindu na wengine wanaochoma maiti. Cha kwanza ujazo: majivu ya mtu mzima yanataka kama lita 3 na nusu hivi ndani. Mbao mi nachukua mninga, ukikauka haujikunji sana, mpingo mzuri ila gogo nene lisilo na nyufa utalitafuta mpaka uchoke.

Gogo likiwa bichi usilimalize siku hiyohiyo, kereza umbo kwanza, ndani acha ukuta kama sehemu moja ya kumi ya upana (chombo cha sentimita 20 acha 2), paka nta kwenye vichwa vya mbao (pale gogo lilipokatwa), weka kivulini miezi kadhaa mpaka ukipima uzito haushuki tena ndo urudishe kwenye mashine ya kukereza (ile inayozungusha mbao huku unaichonga kwa patasi).

Kuchimba ndani ndo shughuli yenyewe. Toboa katikati na drili, kitako bakiza sentimita 1 na nusu, halafu patasi itoke kwenye tundu kuja nje, kidogokidogo, mwendo wa mashine uwe mdogo na ukiwasha simama pembeni. Sauti ikibadilika zima upime ukuta, usibahatishe. Glavu na mikono mirefu hapana kabisa, vinavutwa. Maski vaa, vumbi la mninga linawasha pua balaa.

Msasa namba 120, 180, 240 (kutoka mkali kwenda laini), kisha mafuta. Kifuniko mwisho, na mdomo wa chombo usiufanye mwembamba sana maana majivu mara nyingi huingia yakiwa kwenye mfuko.