Kusoma karata za taroti: kwanza mchezo, kisha ramli

Wanaonijia hapa Lubumbashi kujifunza taroti hutaka kuanza na ramli, nami huwaanzisha na mchezo, kwa sababu karata hizi zilibuniwa Italia ya kaskazini katika karne ya 15 ili zichezwe, na ni katika karne ya 18, huko Ufaransa, ndipo uaguzi kwa taroti ulipoenea.

Hatua ya kwanza: tambua seti uliyo nayo. Kuna ya mchezo wa Kifaransa na kuna ya Marseille. Zote mbili zina karata 78, lakini ile ya mchezo wa Kifaransa ina kopa, uru, shupaza na pao, na turufu zake (karata 21 zenye namba, zinazopiga karata za kawaida) huchorwa mambo ya maisha ya kawaida. Ile ya Marseille ina vikombe, sarafu, panga na fimbo. Tazama turufu ya 16: ukiona mnara unaobomoka, hiyo ni ya Marseille, na ndiyo tutakayoisomea.

Hatua ya pili: cheza. Wakiwa wanne, kila mchezaji hupata karata 18 na sita huwekwa kando. Chunguza hasa turufu ya 1, ambayo hupigwa na turufu nyingine zote lakini ina pointi nne na nusu, sawa na mfalme; pia ni mojawapo ya karata tatu (pamoja na turufu ya 21 na Ekskizi, yaani Mpumbavu) zinazompunguzia mzigo aliyechukua mchezo, yaani anayecheza peke yake dhidi ya wengine: akiwa nazo zote anahitaji pointi 36 kati ya 91, asipokuwa na hata moja anahitaji 56. Asiyeelewa kwamba karata dhaifu inaweza kuwa ghali kwa sababu ya nafasi yake atasoma ramli kama kamusi.

Hatua ya tatu: rekebisha swali. Mama anayefuata bidhaa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akiuliza, «Nitatajirika?», mwombe kwa heshima aulize anachopaswa kuzingatia kabla ya kutoa mtaji.

Hatua ya nne: tumia turufu 21 na Mpumbavu peke yao, changanya, umwachie aliyeuliza akate, kisha panga karata tatu: yaliyopita, yaliyopo, mwelekeo. Tuseme zimetoka Gari, karata ya 13 na Nyota. Ya 13, ambayo katika taroti ya Marseille kwa kawaida haiandikwi jina, ina kiunzi cha mifupa chenye fyekeo, na hapo wengi hushtuka. Usiitafsiri peke yake. Gari linaonyesha mtu aliyekwenda kwa kasi na kujiamini. Nyota inaonyesha mwanamke aliyepiga magoti akimimina maji ya mitungi miwili bila haraka. Katikati yao, fyekeo linakata namna ya kufanya biashara, pengine mkopo wa zamani au mshirika asiyefaa, si uhai wa mtu. Mimi sitabiri kifo wala ugonjwa kwa karata yoyote; mwenye homa aende hospitali.

Karata zilizotoka kichwa chini, zigeuze tu. Maana zake za kinyume ziache mpaka uweze kueleza jinsi karata tatu zinavyohusiana bila kufungua kitabu.