SOMO: Kuchagua mashine mpya ya kufulia, anzia kwenye bomba

Wengi wakiniuliza "ninunue mashine gani?" wanataka niwatajie chapa. Sitataja chapa. Kampuni ileile hutoa mashine imara na mashine ovyo, tena hata iliyo imara ikiwekwa pasipoifaa inageuka kero ya kila wiki. Kwa hiyo tunaanzia nyumbani, na dukani tutafika baadaye.

Hatua ya 1: Pima maji yako

Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia, kwa hiyo tukae kidogo. Mashine ya otomatiki inafungua valvu yake na kusubiri maji yaingie yenyewe. Nyingi zinataka presha isiyopungua bar 0.5 (bar ni kipimo cha presha), chache hukubali 0.3. Kama unategemea tenki la juu bila pampu, hesabu ni nyepesi: kila mita 10 za kimo kati ya maji na mashine hukupa takriban bar 1. Basi bar 0.5 inataka tenki liwe mita 5 juu ya mashine. Tenki lililokaa mita 2 juu yake linatoa bar 0.2, liwe la lita 500 au la lita 5,000, maana kinachosukuma ni kimo na wala si wingi wa maji. Mashine ikichoka kusubiri husimama na kuonyesha alama ya hitilafu, na mwenye nyumba hukimbilia kumwita fundi ilhali mashine ni nzima.

Fungua bomba litakalotumika mpaka mwisho, kinga ndoo ya lita 10, tazama saa. Ikijaa ndani ya dakika mbili, una pa kuanzia. Isipojaa, ama ufunge pampu ndogo ya kuongeza presha, ama uchukue mashine ya matenki mawili, ile ya nusu otomatiki ambayo hata kwa ndoo unaijaza. Watu huidharau. Mimi kwa nyumba yenye maji ya kubahatisha naipendekeza mchana kweupe.

Hatua ya 2: Umeme

Mashine yenye hita ya kuchemshia maji hula karibu wati 2,000 hita inapowaka. Ikifua kwa maji baridi, inabaki mota na pampu, wati mia chache tu. Kama una jenereta ndogo au inverta ya betri, tofauti hii ndiyo itakayoamua. Soketi iwe na ethi (waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini) inayofanya kazi kweli, na waya wa mashine uchomekwe ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni.

Umeme wa kwako ukiwa na tabia ya kukatika, muulize muuzaji: ukirudi, mashine inaendelea ilipoishia au inaanza upya? Atakayejibu "sina hakika" mwombe kitabu cha maelekezo.

Hatua ya 3: Aina

Mlango wa mbele: inageuza nguo na kuziangusha kwenye maji kidogo, lita 40 hadi 60 hivi kwa mfuo mmoja. Inafua vizuri zaidi ya wenzake na haichakazi nguo. Lakini ni nzito, kilo 60 hadi 75 kwa za kawaida, kwa sababu ndani ina uzani wa zege wa kuituliza. Mizunguko yake ni mirefu, saa mbili au zaidi si ajabu.

Mlango wa juu: nguo zinaelea ndani ya maji, kwa hiyo hutumia mengi zaidi, zile za zamani zenye mhimili katikati hupita lita 100. Humaliza upesi, hakuna haja ya kuinama, na nguo uliyoisahau unaiongeza bila shida. Nyingi hazina hita.

Matenki mawili: upande mmoja unafua, mwingine unakamua. Nguo unazihamisha kwa mkono zikiwa zimelowa. Ni rahisi kutengeneza kwa sababu vifaa vya elektroniki ni vichache au havipo kabisa. Angalia tu kwamba tenki la kukamua hubeba kidogo kuliko la kufulia, na kilo zinazotangazwa ni za kufulia.

Hatua ya 4: Kilo

Kilo zilizoandikwa ni za nguo kavu, tena za pamba, kwa programu ya pamba. Ukichagua programu ya nguo laini au ya haraka, uwezo unashuka hadi nusu au chini ya hapo. Suruali ya jinzi ina gramu 700 hivi, taulo kubwa karibu hizohizo. Familia ya watu wanne hutoshwa na kilo 7 au 8. Kununua kubwa mno ili "ikae akiba" hakusaidii: ngoma ikizungusha nguo mbili tatu tu hukosa mizani wakati wa kukamua na kugongagonga.

Hatua ya 5: Nafasi

Za mlango wa mbele nyingi ni sentimita 60 kwa upana na 85 kwa kimo, kina hutofautiana. Pima pia milango na kona za ngazi itakakopitia. Nyuma acha nafasi ya mipira ya maji.

Hatua ya 6: Dukani

Soma lebo. Lebo ya Ulaya tangu Machi 2021 inatumia A hadi G, zile A+++ zimeondolewa, kwa hiyo usilinganishe lebo mpya na ya zamani. Kasi ya kukamua: kwa mizunguko 1,400 kwa dakika pamba hubaki na maji karibu nusu ya uzito wake mkavu, kwa 800 ni karibu asilimia 70. Ukianika juani, 1,000 inatosha.

Halafu swali ambalo wauzaji hawalipendi: tenki la nje, lile linaloizunguka ngoma, linafunguka kwa bolti, au limeunganishwa moja kwa moja kiwandani? Lililounganishwa, beringi (gololi zinazoiwezesha ngoma kuzunguka) ikifa unabadilisha tenki zima, na mara nyingi gharama inakushawishi ununue mashine nyingine. Swali hili lina uzito kuliko programu 16 ambazo utatumia tatu.

Hatua ya 7: Ikifika

Ya mlango wa mbele ina bolti za safari mgongoni, tatu au nne, zinazoshikilia ngoma. Zifungue kabla ya kuwasha, kisha zihifadhi kwa siku ya kuhama.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, asante kwa somo. Naweza kutumia sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono?*

Kwenye matenki mawili, ndiyo. Kwenye mlango wa mbele, hapana: povu lake ni jingi, linazuia nguo kuanguka, linaacha utando na laweza kuvuja. Tafuta iliyoandikwa ya mashine.

*Naishi ghorofani, itatikisa nyumba?*

Kwenye sakafu ya zege, ukisawazisha miguu yake minne na kukaza nati zake, utulivu utakuwepo. Sakafu ya mbao ndiyo yenye mtihani. Iweke karibu na ukuta unaobeba nyumba.

*Na hizi zinazofua na kukausha kwa pamoja?*

Zinakausha karibu nusu ya zinachofua, kwa hiyo utagawa mzigo mara mbili. Umeme nao unapanda. Kama una pa kuanika, achana nazo.

*Dada yangu anahama, ananiuzia yake ya mlango wa mbele. Nikague nini?*

Ichomoe kwanza. Zungusha ngoma kwa mkono taratibu: ukisikia mkwaruzo au ngurumo, beringi imekwisha. Shika ukingo wa juu wa ngoma, isukume juu na chini; ikicheza peke yake bila tenki la nje kufuata, ni habari ileile. Kunjua mpira wa mlango uone nyufa na ukungu mweusi. Fungua chujio la pampu chini mbele, weka sahani maana maji yatatoka. Mwisho mwombe aiwashe kwenye kukamua ikiwa na taulo chache ndani, na usiondoke mpaka imalize. Na muulize dada kama bolti za safari bado anazo, vinginevyo safari ya kuileta kwako inaweza kuiumiza.