Kuatamisha kuku wa kienyeji: kuanzia kiota hadi vifaranga

Mwongozo huu ni wa mwenye kuku wachache nyumbani, asiye na mashine ya kutotolesha. Kuku kazi yake anaijua: anageuza mayai mwenyewe, anavuta ya pembeni yaje katikati. Kinachoharibu mara nyingi ni sisi, kwa mayai ya zamani, mayai yanayoongezwa wakati kuku ameshaanza kulalia, na mikono isiyotulia siku za mwisho.

Hatua ya 1: Hakikisha ameatamia kweli

Kukaa kiotani mchana si dalili tosha, huenda anataga tu. Mwangalie usiku. Wenzake wakipanda kwenye fito na yeye akabaki kiotani, peleka mkono taratibu chini yake. Aliye tayari atavimbisha manyoya na kukudonoa, ila hatanyanyuka, na kifuani utagusa ngozi ya moto iliyonyonyoka manyoya. Akiwa hivyo usiku mbili mfululizo, endelea.

Kuku wa mayai wa kisasa na chotara wengi hawaatamii, lakini mayai ya chotara unaweza kumwekea wa kienyeji akakuangulia vizuri. Ukiwa na wa kuchagua, chukua mwenye umbo kubwa aliyewahi kulea. Na kama zamu ya chanjo ya mdondo (kideri) imekaribia, wachanje kuku wote kabla huyu hajaanza kulalia.

Hatua ya 2: Andaa kiota

Boksi, karai kuukuu au kikapu kipana vyote vinafaa, mradi kuku ajigeuze bila kukanyaga mayai. Weka udongo au mchanga chini, ubonyeze katikati kiwe kama sahani, kisha tandika nyasi kavu. Bila hilo bonde mayai husambaa, ya pembeni yakapoa.

Kiota kikae penye giza kidogo, mbali na kuku wanaotaga. Hili la mwisho usilifanyie mzaha. Wenzake wakipata nafasi wataingia kutaga humo humo, na baada ya wiki utakuwa na mayai ya umri tofauti chini ya kuku mmoja. Ya kwanza yakianguliwa, mama anaondoka na watoto, mengine yanabaki na vifaranga wanaofia ndani.

Halafu wadudu. Kuku mwenye utitiri atakimbia kiota hata kama bado siku mbili. Mpake dawa ya unga ya kuku kutoka duka la dawa za mifugo kabla hujamwekea mayai, na nyunyiza majivu makavu chini ya nyasi. Wengi huongeza majani makavu ya mwarobaini. Sehemu zenye siafu, inua kiota juu ya meza au kichanja, kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu. Siafu wakimkuta kuku amelala mayai usiku, asubuhi hukuti kitu.

Hatua ya 3: Chagua mayai

Yawe ya mitetea inayoishi na jogoo. Jogoo 1 kwa mitetea 8 hadi 10 anatosha. Chukua yasiyozidi siku 7 tangu kutagwa, siku 10 kwa shida. Acha yenye ufa, ya mviringo mno na madogo sana. Usiyaoshe, maana maji huondoa utando unaozuia vijidudu kupenya ganda. Lenye kinyesi kingi lipeleke jikoni.

Wakati wa kuyakusanya, yahifadhi penye ubaridi na kivuli, ncha nyembamba ikiangalia chini. Friji hapana. Kwa joto la Tanga au Dar es Salaam, pembeni mwa mtungi wa maji ni pazuri kuliko kabatini.

Idadi? Mayai 10 hadi 12 kwa kuku wa wastani. Kipimo cha kweli ni hiki: akishalala, hakuna yai linalochungulia nje ya manyoya. Kwenye baridi ya Njombe au Lushoto, punguza mawili.

Hatua ya 4: Mwekee usiku, yote kwa pamoja

Kama unamhamisha, mpeleke kiota kipya usiku na umpe kwanza mayai mawili matatu usiyoyahitaji. Akitulia siku nzima, usiku unaofuata yatoe na uweke ya kuangua, yote kwa mkupuo mmoja. Kila yai liwe na alama ya penseli, ili lisilo na alama ukilikuta ujue ni la mgeni na uliondoe. Andika tarehe ukutani. Unahesabu siku 21 kuanzia hapo.

Ukiwa na kuku wawili walioatamia, waanzishe usiku mmoja. Faida yake utaiona hatua ya 6.

Hatua ya 5: Chakula na maji

Kuku anayelalia hutoka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 30: ale, anywe, aoge vumbi, arudi. Mpe nafaka, mahindi yaliyoparazwa au mtama, kuliko pumba laini zinazomharisha akachafua mayai. Akitoka atashusha kinyesi kikubwa chenye harufu kali. Ni kawaida, si ugonjwa.

Wapo wagumu wasiotoka kabisa. Huyo mtoe mwenyewe kila siku, ila kwanza pitisha vidole chini ya mbawa zake, maana hubana yai huko, ukimnyanyua linadondoka na kuvunja mengine.

Hatua ya 6: Mulika siku ya 7

Toboa tundu dogo kuliko yai kwenye boksi la viatu, weka tochi ya simu ndani, zima taa. Shikilia upande mpana wa yai kwenye tundu. Lililo hai lina mishipa myekundu iliyotawanyika kutoka kwenye nukta nyeusi, na ukitulia utaona nukta inacheza. Jeupe tupu halina mbegu. Lenye pete ya damu limekufa. Ondoa hayo mawili. Yai viza likipasuka kiotani linachafua yote.

Wale kuku wawili sasa: mayai mazima yakibaki 6 kwa huyu na 5 kwa yule, yapeleke yote kwa mmoja, na wa pili mpe mayai mapya au mrudishe kutaga.

Hatua ya 7: Kuanzia siku ya 18, usiguse

Hakuna kumulika, hakuna kumtoa. Kiangazi, hasa Dodoma na Singida, lowesha kidogo udongo unaozunguka kiota, maana hewa ikikauka mno utando wa ndani humnata kifaranga. Kutoka kutoboa ganda hadi kutoka nje inaweza kuchukua saa 12 hadi 24. Usimbandulie: mishipa ya damu bado iko hai kwenye utando, ukiichana anavuja damu. Mama akitaka kuondoka na wa kwanza, wachukue hao uwaweke kwenye boksi lenye joto mpaka amalize. Maganda yatoe, yanaita sisimizi.

Hatua ya 8: Wiki za kwanza

Kiini kilichoingia tumboni humtunza kifaranga siku 1 hadi 2, kwa hiyo usiwe na haraka ya kumlisha. Kisha chakula cha vifaranga, na maji kwenye kisahani chenye kokoto wasizame. Vifaranga wa kuku mwingine wa umri ule ule waingize chini ya mama usiku, mchana atawadonoa. Wafungie na mama chini ya tenga wiki mbili tatu, kwa sababu mwewe na kicheche hawasubiri wakue. Kisha uliza mtaalamu wa mifugo wa kata chanjo ya kwanza ya mdondo. Ile ya I-2 ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila miezi 3.

Mama atakuwa amekonda. Ukiwatenga vifaranga wakiwa na wiki 4, ukawapa joto usiku, atarudi kutaga mapema, lakini usimlalishe tena mpaka kifua kijae nyama.