Kabla ya Mbio za Nyika Kwenye Baridi na Matope

Anza na viatu, tena jana yake, si asubuhi ya mashindano. Misumari ya viatu, yaani vyuma vyenye ncha vinavyofungwa chini ya soli, ikiwa ya milimita 6 inayofaa nyasi kavu haifui dafu kwenye matope, kwa sababu inaishia kwenye tope la juu bila kugusa udongo mgumu ulio chini. Funga ya milimita 12, na kama mvua imenyesha kwa siku kadhaa, 15. Kanuni za kimataifa zinaruhusu hadi milimita 25 kwenye nyika, lakini njia ikikatiza barabara ya lami au changarawe, misumari mirefu inakuyumbisha na kuumiza nyayo. Beba seti mbili pamoja na spana yake, uamue ukishaiona njia. Kabla ya kufunga, chokoa udongo kwenye matundu na upake grisi kidogo kwenye hesi ili kutu isiigandishe misumari humo. Kaza hadi kitako cha msumari kikae sawasawa na soli. Ukilegea, tope huingia kwenye upenyo huo, na msumari hung'oka katikati ya mbio.

Tope humvua mtu kiatu hivi: kisigino kinainuka kidogo, maji yanaingia, kiatu kinanyonywa chini huku mguu ukiendelea mbele. Kwa hiyo kiatu kibane kuliko cha mazoezi, na ukijaribu ukiwa umevaa soksi zilezile za mashindano: nyembamba, za nailoni au sufu. Za pamba zinafyonza maji na kujikunja chini ya vidole. Pitisha kamba hadi tundu la mwisho, piga fundo mara mbili, chomeka ncha chini ya kamba zilizopishana, kisha zungusha plasta ya kitambaa mara moja au mbili juu ya fundo na chini ya kiganja cha mguu, pale pasipo na misumari. Ibandike kiatu kikiwa kikavu, kikilowa haitashika. Halafu simama kwa ncha za vidole. Ukisikia ganzi juu ya mguu, umekaza mno, fungua uanze upya.

Kazi yote ya vidole imalizike kabla baridi haijaviingia. Mikono ikishakufa ganzi, hata kufunga pini ni shida kubwa. Bandika namba kwenye fulana usiku, kwa pini nne, moja kila kona, maana kona iliyolegea inapeperuka na kuchanika ikilowa.

Mavazi yawe machache na ya kubana: fulana nyepesi isiyo ya pamba chini ya ile ya timu, kaptura fupi, glovu nyembamba, na kofia kama kuna upepo wa mvua. Suruali ndefu hubeba tope na kukuongezea uzito kila mzunguko. Paka vaselini mapajani, kwapani na kwenye chuchu. Inazuia michubuko, ila usiitegemee ikupe joto.

Chakula hakina mengi: mlo mwepesi uliouzoea, saa mbili na nusu hadi tatu kabla, na maji hata kama husikii kiu.

Fika mapema uitembee njia nzima. Hapa wengi wanafanya uvivu, na ndipo mbio zinapopotea. Tazama njia inabana wapi baada ya mstari wa kuanzia, kwa sababu ukichelewa kufika hapo utasongwa na kundi. Kwenye kona, ndani ni karibu lakini ndiko kunakokanyagwa zaidi. Mara nyingi hatua mbili nje kuna nyasi zinazoshika. Pima vidimbwi kwa mguu. Katikati ya kidimbwi chini panaweza kuwa pagumu, huku kingo zikiteleza. Kama kuna mbio kabla ya zako, rudi uangalie tena, maana njia uliyoiona asubuhi haitakuwa hiyo.

Pasha mwili dakika 15 hadi 20 ukiwa na nguo nzito, kisha vaa viatu vya misumari ukimbie vipande 4 hadi 6 vya mita 60 juu ya tope lenyewe. Fupisha hatua, mguu utue chini ya kiwiliwili, mikono ipanuke kidogo kulinda mizani. Kagua misumari tena. Nguo nzito zivuliwe dakika chache tu kabla ya kuitwa, na awepo mtu wa kuzipokea. Kasi ya saa iache. Kwenye tope pima kwa pumzi.

Mfuko wa baadaye upangwe kabla pia: taulo, fulana kavu juu kabisa, kofia, soksi, viatu vikavu, chupa ya chai tamu ya moto. Ukimaliza, badilisha nguo za juu kwanza, papo hapo. Mwenzako akianza kutamka maneno kwa kukokota, akipepesuka, au akiacha kutetemeka huku bado amepoa, mwondoe kwenye upepo, mvue nguo mbichi, mfunike na uite wahudumu. Jeraha la msumari lioshwe kwa maji safi mengi, na kama chanjo ya pepopunda imepitwa na wakati, nenda kliniki siku hiyohiyo.