Namna ya kupiga filamu ya uongo-kweli ya kikundi cha taarab

Mshawahi kuiona ile filamu ya The Rutles, bendi ya kubuni, ya 1978? Eric Idle, mchekeshaji wa Uingereza, kawachezea shere bendi ya Beatles kama vile anatoa habari ya kweli, na George Harrison wa Beatles mwenyewe kaingia kama mtangazaji, anahoji mtu huku nyuma yake ofisi inabebwa kitu kimoja kimoja. Basi nanyi tungeni kikundi chenu cha taarab cha uongo. Kwanza nyimbo, ziwe nzuri kweli, Neil Innes, mtunzi wa nyimbo za Rutles, alitunga mpya zenye ladha ile ile ya Beatles, mkipiga qanuni ovyo watu watazima. Halafu mkalisheni mzee barazani aelezee ugomvi wa fidla, uso mkavu, hata akiletewa kahawa asicheke, akicheka rudieni. Simu yatosha kurekodia, ila Forodhani, pale ufukweni Unguja, upepo unakula sauti, ingieni vichochoroni.