Kuchora mandhari nje kwa mtindo wa Monet na wenzake

Kosa kubwa la wanaojifunza mtindo huu wa Claude Monet, mchoraji Mfaransa wa karne ya 19, na kundi lake lililoitwa Impressionists, ni kuanza na vidoa vya brashi. Vidoa vililetwa na haraka, na haraka ililetwa na jua lisilosimama. Ukifuata mwanga, vidoa vitakuja vyenyewe.

Rangi za mafuta zisizidi sita. Mwaka 1905 Monet alitaja alizokuwa akitumia: nyeupe ya risasi, njano ya kadimiamu, vermilioni (nyekundu kali), nyekundu iliyoiva ya mada (rangi ya mizizi ya mmea uitwao madder), bluu ya kobalti na kijani cha zumaridi, ambacho leo huuzwa kwa jina la viridiani. Nyeusi haimo. Risasi ni sumu na vermilioni ina zebaki, kwa hiyo weka nyeupe ya titani na nyekundu ya kadimiamu mahali pake. Badala ya mada tafuta nyekundu ya zambarau iliyoandikwa kwamba haipauki. Tyubu za mililita 37 zatosha, ila nyeupe nunua ya mililita 200, maana ndiyo inayoingia karibu katika kila mchanganyiko.

Tyubu hiyo ndogo ilibadilisha mengi. Kabla ya mwaka 1841, Mmarekani John Goffe Rand alipopata hataza ya tyubu ya bati, rangi ya mafuta ilibebwa katika kibofu cha nguruwe kilichotobolewa kwa sindano; ikikaa kidogo, inakauka. Tyubu ilipoungana na reli, mchoraji aliweza kutoka Paris asubuhi, kuchora Argenteuil kando ya mto Seine, na kurudi jioni na turubai bichi. Ndipo madaraja, mashua za mapumziko na moshi wa garimoshi vikaingia katika picha, wakati majaji wa maonyesho rasmi bado walithamini zaidi miungu na wafalme. Mwaka 1874 wachoraji hawa walifungua maonyesho yao wenyewe mjini Paris, bila kusubiri majaji.

Turubai ya kuanzia iwe ya sentimita 30 kwa 40. Kubwa zaidi hutaimaliza kwa kikao kimoja. Ipake jeso (rangi nyeupe ya kuandalia turubai) mara mbili, uipige msasa laini kila tabaka likikauka, kisha ongeza tabaka jembamba la kijivu hafifu. Katika shule za sanaa za wakati ule walizoea msingi wa kahawia, na kahawia hunyonya mwanga. Hata nyeupe tupu ina shida yake: juu yake kila rangi huonekana nzito kuliko ilivyo, nawe utaifanya picha nzima iwe hafifu kupita kiasi.

Chukua brashi bapa nne za manyoya magumu, namba 4 hadi 12. Mbili ziwe za rangi za joto (nyekundu, njano) na mbili za rangi za baridi (bluu, kijani), zisibadilishane kazi. Ukiziachia zichanganyike, utapata tope kabla ya nusu saa.

Sasa muda. Chora kuanzia saa 1 hadi saa 2:30 asubuhi, au kuanzia saa 10 jioni. Anayechora Mombasa au Dar es Salaam ana muda mfupi kuliko waliokuwa Ufaransa: karibu na ikweta jua hupanda wima na vivuli virefu hufupika upesi. Geuza stendi ili turubai na kibao cha rangi vyote viwe kivulini. Turubai ikipigwa na jua hukuchoma macho, nawe utachora giza bila kujua mpaka uifikishe nyumbani. Mwavuli uwe mweupe au wa kijivu. Mwekundu utapaka wekundu kila kitu.

Usitumie penseli. Piga mistari mitano au sita kwa kobalti iliyoyeyushwa na tapentaini, kisha fumba macho nusu, uone maumbo makubwa tu: anga, maji, ardhi, miti. Yapake yote ndani ya dakika 20 za mwanzo, ukianza na vivuli kwa sababu ndivyo vinavyohama.

Vivuli ndivyo moyo wa kazi hii. Mkemia Michel-Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, alieleza mwaka 1839 kwamba rangi hubadilika machoni kutegemea jirani yake. Mchanga wenye jua la njano-machungwa hufanya kivuli chake kielekee bluu na zambarau. Kwa hiyo usikitie nyeusi. Changanya kobalti na nyekundu kidogo na nyeupe, kiweke kando ya machungwa, uone vyote viwili vinavyong'aa. Kila mchanganyiko uwe wa rangi mbili na nyeupe. Ya tatu huua. Ukishaweka mpigo, uache. Kuusugua ili ulainike ndiko kunakofisha picha nyingi.

Kivuli kikihama zaidi ya upana wa brashi yako, simama. Usikifukuze, maana utapata picha yenye jua mbili. Monet, alipochora marundo ya nafaka mwaka 1890 na 1891, aliweka turubai kadhaa na kuhamia nyingine mwanga ulipobadilika. Rudi kesho saa ileile.

Tabaka la juu liwe na mafuta zaidi kuliko la chini, vinginevyo picha itapasuka. Edgar Degas, mchoraji wa kundi hilohilo, alifyonza mafuta kwa karatasi ili rangi ising'ae. Ukizidisha kufyonza, rangi hubaki unga na kudondoka. Rangi nene huhitaji miezi kadhaa kabla ya vanishi, na wengi wa kundi hili hawakupenda vanishi kabisa kwa sababu hung'arisha na baadaye hugeuka njano.

Matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike: hupata joto na kuwaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke, au uyatie katika kopo la bati lenye maji na kifuniko.