Vyuma Vizito kwa Mwendesha Baiskeli: Mpango wa Wiki 12

Waendesha baiskeli wengi ninaowafundisha huingia jimu shingo upande. Wanaogopa kujaza misuli hadi vilima viwashinde, na wanaogopa miguu kuuma kiasi cha kuharibu mazoezi ya barabarani. Wengine huuliza swali gumu zaidi: pedali haihitaji nguvu nyingi, sasa vyuma vya nini?

Tupige hesabu. Ukiendesha kwa wati 250, pedali zikizunguka mara 90 kwa dakika, na mkono wa pedali ukiwa na urefu wa milimita 170, msukumo wa wastani ni kama kilo 16 tu. Hata mtu asiyefanya mazoezi anauweza. Lakini kwa saa moja umezungusha mara 5,400, na hapo ndipo vyuma vinapolipa. Msuli wenye nguvu zaidi hutumia sehemu ndogo ya uwezo wake kwa kila mzunguko, kwa hiyo nyuzi za msuli zinazochoka polepole hubeba kazi kwa muda mrefu kabla ya zile za kasi, zinazochoka upesi, kuitwa kusaidia. Usitarajie vyuma vikuongezee pumzi. Kiwango cha juu cha oksijeni mwili unachoweza kutumia kwa kawaida hakibadiliki. Faida huonekana saa ya tatu, wenzako wanapoanza kulegea.

Mtafiti Bent Rønnestad na wenzake nchini Norwe waliliona hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Waendesha baiskeli waliozoea mazoezi waliongezewa vyuma vizito kwa wiki 12, kisha wakaendesha dakika 185 kwa mwendo wa wastani na kumalizia dakika 5 za nguvu zote. Katika dakika hizo 5 wati zao ziliongezeka kwa takriban asilimia 7, ilhali za walioendesha baiskeli pekee hazikuongezeka. Matokeo hayafanani kila mahali. Utafiti wa mwaka 1999 juu ya wanawake waendesha baiskeli ambao jimu walifanya skwati pekee (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani) kwa wiki 12 ulionyesha miguu imepata nguvu, lakini jaribio lao la saa moja halikubadilika. Kwa hiyo namna unavyofanya ina uzito wake.

Hatua ya 1: Jipime ukiwa umechoka

Endesha saa mbili au tatu kwa mwendo wa kawaida, kisha panda kilima kimoja kwa nguvu zote kwa dakika 5. Andika wastani wa wati. Kama huna kipimo cha wati, andika umbali uliofika. Ukijipima miguu ikiwa mibichi, unaweza kukosa kuona faida hata kama ipo.

Hatua ya 2: Anza mbali na mashindano

Angalau miezi mitatu na nusu kabla. Wiki za mwanzo miguu itakuwa mizito, na hutaki hali hiyo ikukute siku ya kushindana. Mwenye shinikizo la damu au tatizo la mgongo amwone daktari kwanza.

Hatua ya 3: Jifunze mikao

Tumia wiki mbili au tatu za awali kwa uzito mwepesi. Mwendesha baiskeli hushinda amejikunja, kwa hiyo nyonga zake mara nyingi zimekaza na mgongo huwa mwepesi kupinda akishuka kwenye skwati. Mgongo ubaki umenyooka, visigino visiinuke, magoti yafuate mwelekeo wa vidole. Mgongo ukianza kupinda, hapo ndipo kina chako kinapoishia kwa sasa. Usione haya kuishia juu.

Hatua ya 4: Mazoezi manne, basi

Nusu skwati ndiyo mama wa yote. Shuka hadi goti likunjike kwa pembe ya takriban digrii 90, maana pedali haikudai kina zaidi ya hapo kwa nguvu kubwa. Ukifika chini, panda kwa kasi yote uliyo nayo, hata kama chuma chenyewe kinasogea polepole kwa sababu ya uzito. Kushuka kuwe kwa utulivu, sekunde mbili hadi tatu. Wengi huipuuza nia hiyo ya kupanda kwa kasi. Mwili hujifunza kuziita nyuzi nyingi za msuli kwa mara moja, na mzunguko wa pedali hauachi muda wa kusukuma kwa uvivu.

La pili ni mashine ya kusukuma kwa mguu mmoja mmoja. Barabarani miguu hupokezana, na hapa utagundua upesi ni upi unaobebwa na mwenzake. Anza na ulio dhaifu, kisha wenye nguvu ufanye idadi ileile.

La tatu ni kuinua goti ukiwa umesimama, kebo ya mashine ikiwa imefungwa kwenye kifundo cha mguu. Linafanyisha kazi misuli inayopandisha mguu pedali inaporudi juu. La nne ni kusimamia vidole kwa ajili ya vigimbi. Halina mengi ya kuelezwa.

Ongeza planki (kujinyoosha kifudifudi ukijishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu) mwishoni ukipenda. Mikono na kifua viache kwa ratiba nyingine, isipokuwa unavitaka kwa raha zako.

Hatua ya 5: Uzito uwe mzito kweli

Hapa ndipo wengi hupotea. Huchagua chuma chepesi na kukirudia mara 30 wakisema wanajenga ustahimilivu. Ustahimilivu unaupata kwenye baiskeli tayari. Jimu tunafuata kile ambacho baiskeli haikupi.

Fanya seti tatu (yaani mizunguko mitatu ya kunyanyua) kwa kila zoezi, siku mbili kwa wiki, na upumzike dakika mbili au tatu kati ya seti. Baada ya kujifunza mikao, wiki 1 hadi 3 tumia uzito unaoweza kuunyanyua mara 10 tu, ya 11 ikagoma. Siku ya pili ya jimu katika wiki hiyo tumia ule wa mara 6. Wiki 4 hadi 6 nenda mara 8 na mara 5. Wiki 7 hadi 12 nenda mara 6 na mara 4. Mkao ukiharibika kabla ya idadi kutimia, punguza uzito.

Kuhusu kujaza misuli: ukiendesha saa nyingi kwa wiki, mazoezi hayo ya pumzi yenyewe hubana ukuaji wa misuli. Mtafiti Robert Hickson alionyesha tangu mwaka 1980 kwamba wanaochanganya nguvu na ustahimilivu hupata nguvu kidogo kuliko wanaonyanyua tu. Mnyanyua vyuma huliona hilo kama hasara. Mpanda vilima ana haki ya kulifurahia.

Hatua ya 6: Panga siku

Weka vyuma siku ileile ya mazoezi makali ya baiskeli, asubuhi barabarani, jioni jimu, kukiwa na saa sita hivi katikati. Hivyo siku nyepesi zinabaki nyepesi. Ukitawanya ugumu kila siku, hutapona kamwe. Kama baiskeli ndiyo lengo lako, baiskeli itangulie. Kipindi hiki punguza kidogo saa za barabarani na usipunguze chakula. Misuli haijengwi kwa njaa.

Hata asiyeshindana ana sababu ya kufika jimu. Baiskeli haiipi mifupa mshtuko wa kutosha, na uti wa mgongo wa waendesha baiskeli mara nyingi hukutwa na mifupa hafifu kuliko inavyotarajiwa kwa watu wenye afya kama yao.

Hatua ya 7: Msimu ukianza

Shuka hadi mara moja kwa wiki, seti mbili, uzito uleule. Hiyo hutosha kutunza nguvu ulizopata. Ukiacha kabisa, zinaanza kuyeyuka ndani ya wiki chache. Wiki ya shindano kubwa ruka jimu, au fanya seti moja siku tano kabla.

Mwisho wa wiki 12 rudia jaribio la hatua ya 1, kilima kilekile, baada ya saa zilezile. Na ukikosa jimu kwa zaidi ya wiki mbili, usirudi moja kwa moja kwenye uzito wa mara 4. Anza na wa mara 10, la sivyo kesho yake utashuka ngazi ukishikilia ukuta.